Ufunguo, Muhuri na Sahihi: Historia ya Baadhi ya Istilahi za Usalama wa Miamala

Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake kadhaa kwa mkupuo, na miongoni mwa marekebisho hayo Kiswahili kikafanywa kuwa lugha ya sheria za nchi na ya shughuli za mahakama. Kazi iliyowaangukia wafasiri tangu hapo ni kubwa, na sehemu moja ya kazi hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia hapa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 1915 wala ya 1965 haikuwako; hiyo ni ya mwaka 2015, na iliandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri anayeishika sheria ya namna hiyo hukuta kamusi zikimpa neno moja mahali panapohitaji matatu, na maneno matatu mahali panapohitaji moja. Hasara yake haiishii kwenye karatasi. Siku mtu atakaposimama mbele ya hakimu akikana mkopo ambao simu inasema aliukubali, tofauti kati ya kuthibitisha, kutambua na kutia sahihi ndiyo itakayoamua kama atalipa au hatalipa.

Katika makala haya tutaeleza historia ya elimu yenyewe, yaani elimu ya kuficha maandishi na kuhakiki asili yake, ambayo wataalamu huiita kriptografia; na kila tutakapofika penye neno lenye mashaka tutasimama. Tunaamini kwamba istilahi haiundwi barabara na mtu asiyejua kitu kimepitia wapi hata kikafika hapa kilipo.

Waswahili hawakungoja kompyuta ili kujua kuficha maneno. Katika karne ya 19 Edward Steere, alipokuwa akikusanya habari za lugha ya Unguja, alikuta watu wakizungumza na hata kuandikiana kwa kinyume, na akaweka mifano yake katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili. Namna iliyo maarufu ni kuichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza: nyumba ikawa mbanyu, kitabu kikawa bukita. Lugha yetu, kwa kuwa silabi zake ni wazi na huishia kwa irabu, inauruhusu mchezo huu kwa wepesi usiopatikana katika lugha nyingi. Neno lililogeuzwa bado hutamkika. Lakini kinyume kina kasoro ambayo tunaomba msomaji aishike, kwani tutaihitaji. Siri yote imo katika njia. Mtoto akishajua kwamba silabi ya mwisho hutangulia, amekwisha kujua kinyume cha kila mtu, wala wazungumzaji wawili hawawezi kuwa na kinyume chao peke yao bila kubuni njia nyingine mpya.

Kasoro hiyo hiyo ilikuwa katika njia aliyotumia Julius Caesar, ambaye habari zake zinasema alizisogeza herufi mahali patatu katika alfabeti. Mtu wa kwanza tunayemjua kuandika kwa utaratibu jinsi ya kuzivunja njia za namna hii ni Yaqub ibn Ishaq al-Kindi, mwanafalsafa aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Alieleza kwamba kila lugha ina herufi zinazojirudia kuliko nyingine. Basi mwenye kutaka kufichua maandishi na azihesabu alama zilizomo, kisha aifananishe ile iliyozidi na herufi iliyozidi katika lugha hiyo. Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili darasani kwa dakika chache. Achukue ukurasa wowote wa gazeti la Kiswahili, ahesabu herufi, na ataona kuwa a inazipita nyingine zote kwa mbali. Barua ya Kiswahili iliyofichwa kwa kubadilisha herufi moja kwa moja nyingine haina maisha marefu mkononi mwa mtu mwenye penseli na saa moja ya faragha.

Na kwa kuwa tumewataja Waarabu, kuna jambo la kufurahisha kwa watu wa istilahi. Neno lao sifr, lenye maana ya kitu kitupu, lilitumika kuitaja ile tarakimu isiyo na kitu. Sisi tulilipokea likawa sifuri, na halikutoka tena katika hesabu. Ulaya walilipokea nalo likatanuka: likawa jina la tarakimu kwa jumla, halafu likawa jina la maandishi ya siri, kwa sababu tarakimu zilitumiwa kuficha maneno. Kwa hiyo mfasiri wa leo, anapotafuta neno la Kiswahili la maandishi ya siri, anatafuta ndugu wa neno ambalo tayari lipo nyumbani kwake. Hatushauri kwamba sifuri ipewe kazi hiyo mpya. Tunaonyesha tu kuwa maana ya istilahi huamuliwa na matumizi, si na ukoo.

Kutoka kwa al-Kindi tunaruka mpaka mwaka 1883. Mwaka huo Auguste Kerckhoffs alichapisha Ufaransa makala kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi, na humo akaweka kanuni ambayo hadi sasa haijapinduliwa: chombo cha kufichia kisihitaji kuwa siri, na kikiangukia mikononi mwa adui kisilete madhara, kinachopaswa kufichwa ni ufunguo peke yake. Hapa ndipo kinyume kinapoanguka. Na si kinyume tu. Kampuni nyingi za simu duniani zilizotumia mtambo wa GSM zilikuwa na kanuni ya hesabu, iliyoitwa COMP128, ndani ya ile kadi ndogo ambayo watu wetu huiita laini. Kanuni hiyo ilifichwa isijulikane. Ilipotoka nje, watafiti wa Marekani waliivunja mwaka 1998, wakaonyesha kuwa mtu mwenye kadi mkononi angeweza kuutoa ufunguo wake na kuitengeneza kadi pacha. Siri ya njia ilikuwa imezuia wataalamu wema wasiione kasoro mapema.

Basi kitendo chenyewe tukiite nini? Katika simu na kompyuta za leo neno lililoenea ni usimbaji fiche, na kinyume chake usimbuaji. Wapo wanaolichukia, wakisema kuwa simba ni mnyama, na kuwa msimbo umekwisha kupewa kazi nyingi mno, kuanzia msimbo wa posta hadi maandishi ya programu. Hao hupendekeza kufumba na kufumbua. Pendekezo lao lina uzuri wake: fumbo ni neno la asili, halihitaji kufundishwa, na jozi ya vitenzi ipo tayari. Hata hivyo sisi tunalikataa, wala si kwa sababu tu ya kwamba kufumba na kufumbua kumekwisha kuwa kipimo cha muda mfupi. Methali yetu husema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Fumbo, kwa tabia yake, humngoja mwerevu. Linatungwa ili liweze kufumbuliwa kwa akili. Maandishi yaliyosimbwa hayamngoji mwerevu hata kidogo. Yanatakiwa kumshinda mwerevu asiye na ufunguo na kumfungukia mjinga aliye nao. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa benki hufumba taarifa zake atadhani kwamba usalama wake unategemea upungufu wa akili za wezi. Kwa hiyo tunabaki na kusimba na kusimbua, na neno fiche liongezwe pale tu ambapo msimbo wa aina nyingine unaweza kudhaniwa.

Tukija kwenye ufunguo, tunakutana na tatizo lililofichika ndani ya sarufi yetu wenyewe. Kiswahili kina kiambishi cha kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, fuma na fumua, na sasa simba na simbua. Ufunguo umetokana na kufungua. Ni kifaa cha kutendua, si cha kutenda. Kwa muda mrefu jambo hili halikumsumbua mtu, kwa sababu ufunguo mmoja ulifanya kazi zote mbili, kama ule wa mlango. Ndivyo ilivyokuwa katika kanuni iliyoitwa DES, iliyobuniwa na kampuni ya IBM ikiwa na msingi katika kazi ya Horst Feistel, na kupitishwa na serikali ya Marekani kuwa sanifu mwaka 1977. Ufunguo wake ulikuwa na biti 56. Wapo walioulalamikia ufupi huo tangu siku za mwanzo, na mwaka 1998 mashine moja iliyogharimu chini ya dola 250,000 iliupata ufunguo wa DES kwa muda usiofika siku tatu, kwa kujaribu tu funguo moja baada ya nyingine. Mahali pake palichukuliwa na AES, iliyotokana na kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, baada ya mashindano ya wazi, ikatangazwa kuwa sanifu mwaka 2001. Ndiyo inayotumika hadi sasa.

Lakini ufunguo mmoja kwa watu wawili una gharama. Matawi 100 ya benki, kila moja likitaka siri yake na kila jingine, yanahitaji funguo 4,950. Yakifika 1,000 yanahitaji 499,500. Na kila ufunguo lazima ufikishwe kwa mkono wa mtu mwaminifu kabla ya barua ya kwanza kuandikwa. Watu wasiowahi kukutana hawakuwa na njia ya kuanza.

Fundo hili lilifunguliwa hadharani Novemba 1976, pale Whitfield Diffie na Martin Hellman walipochapisha makala yao yaliyoelekeza njia mpya katika elimu hii. Ralph Merkle naye alikuwa akiliendea jambo hilo hilo kwa njia yake. Walitoa wazo la funguo mbili zilizo pacha, mmoja ukitangazwa kwa kila mtu na wa pili ukibaki kwa mwenyewe, hali kuujua wa kwanza hakumwezeshi mtu kuupata wa pili. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wakiwa katika chuo cha MIT, walipata hesabu iliyolitimiza wazo hilo, na herufi za majina yao zikawa RSA.

Hesabu yenyewe inaweza kuonyeshwa kwa tarakimu ndogo, na tunawasihi walimu wasiiruke. Chukua 3 na 11. Zao lake ni 33. Itangaze 33 pamoja na 3. Ifiche 7. Mtu akitaka kukuletea namba 4, anaipandisha kwenye kipeo cha 3, anapata 64, anaigawa kwa 33, na kinachobaki ni 31. Hiyo 31 ndiyo anayokutumia. Wewe unaipandisha 31 kwenye kipeo cha 7, unagawa kwa 33, na kinachobaki ni 4. Yeyote anayetaka kuipata 7 yako lazima kwanza agundue kuwa 33 ni 3 mara 11. Kwa 33 hiyo ni kazi ya darasa la tano. Kwa namba yenye tarakimu zaidi ya 600, ambazo ndizo zitumikazo, hakuna kompyuta ya kawaida inayojulikana kuweza. Mwaka 1977 waandishi hao walitoa changamoto hadharani kwa namba ya tarakimu 129. Ilivunjwa mwaka 1994 na watu wa kujitolea wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao. Ujumbe uliokuwamo ulitaja maneno ya kimuujiza na tai mvunja mifupa mwenye kinyaa. Wafasiri na wafurahi kwamba hawakupewa kazi hiyo kwa mshahara.

Baadaye ilidhihirika kuwa wazo hili lilikuwa na kaka yake mkubwa. Katika idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Uingereza, James Ellis alikuwa ameliandika mwaka 1970. Clifford Cocks akapata mwaka 1973 hesabu ya namna ile ya RSA. Na Malcolm Williamson akapata mwaka 1974 ile ya Diffie na Hellman. Yote yalifungiwa kabatini hadi Desemba 1997, mwezi mmoja baada ya Ellis kufariki. Kwa wanaistilahi kuna funzo la pembeni. Ellis aliliita wazo lake usimbaji usio wa siri. Ni jina zuri, labda zuri kuliko lililoshinda, lakini jina lililofungiwa kabatini halina wasemaji.

Jina lililoshinda ni lile linalosema kuwa ufunguo mmoja ni wa watu wote. Wafasiri wengi huuita ufunguo wa umma. Hapa tunapinga kwa nguvu. Katika Kiswahili cha ofisi, na hasa cha Tanzania, umma ni serikali na vyombo vyake: mali ya umma, mashirika ya umma, watumishi wa umma. Mwananchi akisoma kuwa taarifa zake zinasimbwa kwa ufunguo wa umma, ataelewa kuwa serikali ndiyo inayoushika. Wala hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilipendekeza kifaa kilichoitwa Clipper, ambacho funguo zake zingewekwa amana katika ofisi za serikali ili ziweze kutumika kwa idhini ya kisheria. Ubishi uliozuka ulikuwa mkubwa, kasoro ikagunduliwa katika kifaa chenyewe mwaka 1994, na mpango ukafa. Ule ulikuwa ufunguo wa serikali kweli kweli. Tukitumia neno moja kwa mambo yote mawili, siku ubishi kama huo ukija kwetu hatutakuwa na lugha ya kuuendeshea. Tunapendekeza ufunguo wa hadhara kwa ule unaotangazwa, ufunguo binafsi kwa pacha wake, na ufunguo wa siri tuuachie ule wa pamoja unaoshikwa na pande mbili.

Msomaji makini atauliza: je, ule wa hadhara, ambao husimba tu wala hausimbui, unastahili hata kuitwa ufunguo? Kwa sarufi tuliyoieleza, haustahili. Ungekuwa kufuli: mtu anagawa makufuli yaliyo wazi kwa kila apitaye, na anabaki na ufunguo mmoja mfukoni. Mfano huu ni bora kwa kufundishia, nasi tunausifu. Lakini haufai kuwa istilahi, kwa sababu katika kutia sahihi kazi hugeuka, na hapo kufuli haliwezi kufuata.

Sahihi ndiyo kiini cha yote. Turudi kwenye tarakimu zetu. Mwenye ufunguo binafsi wa 7 anaichukua namba 4 na kuipandisha kwenye kipeo cha 7. Anagawa kwa 33, inabaki 16. Anaitangaza 4 pamoja na 16. Yeyote duniani anaweza kuipandisha 16 kwenye kipeo cha 3, akapata 4,096, akagawa kwa 33, akakuta 4, na akajua kuwa 16 ilitoka kwa mwenye 7. Hapa hakuna kilichofichwa hata kidogo. Kilichopatikana si siri bali ushahidi, na ushahidi huo unaweza kupelekwa kwa mtu wa tatu ambaye hakuwapo.

Sasa tazama kadi ya simu. Ndani yake mna ufunguo wa siri, na kampuni ina nakala ya ufunguo huo huo. Simu inapojiunga, mtambo hutuma namba ya kubahatisha, kadi hujibu kwa hesabu, na mtambo hulinganisha jibu na lake. Njia hii inatosha kabisa kwa kampuni kuridhika kuwa inazungumza na kadi yake. Haitoshi kumridhisha hakimu kwa hesabu peke yake, kwani jibu hilo lingeweza kutengenezwa na upande wowote kati ya hizo mbili. Na namba ya siri, ambayo tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza Kenya mwaka 2007 imekuwa kama chakula cha kila siku katika Afrika Mashariki, humtambulisha mtu kwa mtambo; si sahihi kwa maana tunayoieleza. Sheria inaweza kuipa nguvu ya saini, na pengine ni haki ifanye hivyo. Hisabati haiipi.

Lugha yetu ina maneno mawili yanayotumika kwa kitendo kimoja: saini, tuliyoipata kwa Waingereza, na sahihi, tuliyoipata kwa Waarabu, ambayo pia ni sifa ya kitu kisicho na kosa. Tunapendekeza kuyagawia kazi. Saini ya kielektroniki iwe jina la jumla la alama yoyote ambayo mtu huiweka kuonyesha kukubali, hata jina lililochapwa mwishoni mwa barua. Sahihi ya kidijiti iwe ile inayotokana na ufunguo binafsi na inayoweza kuhakikiwa na yeyote. Kanuni za mfano za Umoja wa Mataifa kuhusu saini za kielektroniki, za mwaka 2001, huitambua saini kuwa ya kuaminika pale vyombo vya kuitengenezea vinapokuwa vya mtiaji peke yake na chini ya mamlaka yake, na pale mabadiliko yoyote yanayofanywa baadaye yanapoweza kugundulika. Masharti hayo yanasomeka vizuri zaidi katika Kiswahili ikiwa maneno mawili yamekwisha kutenganishwa. Vipi kuhusu muhuri? Muhuri ni wa ofisi, na uachwe uwe wa ofisi: tayari sheria za Ulaya hutenganisha saini ya mtu na muhuri wa taasisi, nasi tuna neno lililokomaa tangu enzi za bahasha kufungwa kwa lakiri.

Hati ndefu haitiwi sahihi nzima. Hupitishwa kwanza katika kanuni inayoisaga na kuitoa ikiwa namba ya urefu maalumu, mathalani biti 256, na hiyo ndiyo hutiwa sahihi. Herufi moja ikibadilika, namba yote hubadilika. Wengi huiita alama ya kidole ya hati, na sisi tungependa kuiita dole, kama wasemavyo wananchi kwenye ofisi za kata. Kikwazo ni kuwa dole gumba humtambulisha mtu, na hili huitambulisha hati. Basi na tuseme dole la hati kila mara, bila kufupisha. Wafasiri waelewe pia kwamba madole haya huzeeka. Lile la MD5, alilolibuni Rivest mwaka 1991, lilivunjwa mwaka 2004 na kundi la Wang Xiaoyun wa China, waliotoa maandishi mawili tofauti yenye dole moja. SHA-1 ya mwaka 1995 ilifikwa na hayo hayo mwaka 2017.

Cheti hakina ugomvi. Wazo la kumfungamanisha mtu na ufunguo wake wa hadhara kwa karatasi iliyotiwa sahihi na anayeaminiwa lilitolewa na Loren Kohnfelder katika tasnifu yake ya MIT mwaka 1978, na neno letu linafaa bila marekebisho, pamoja na uwezekano wote wa cheti kughushiwa. Mwaka 2011 wavamizi waliingia katika kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi wakajitolea vyeti vya uongo zaidi ya 500, kikiwamo cha Google, ambacho kilitumika kuwapeleleza watu wa Iran. Hesabu haikuvunjwa. Kilichovunjwa ni ofisi, na kampuni ikafilisika kabla ya mwezi kwisha tangu habari kutoka.

Yabaki maneno mawili yanayosumbua zaidi. La kwanza ni kuthibitisha, linalobebeshwa kumtambua mtu, kuhakikisha kuwa data haikuguswa, kukagua sahihi, na hata kukubali malipo. Tunashauri kuthibitisha utambulisho kwa mtu, uhalisi kwa data, na kuhakiki kwa sahihi na vyeti. Walimu wa fasihi watasema kuhakiki ni mali yao. Watumishi wa umma waliopitia uhakiki wa vyeti nchini Tanzania mwaka 2016 na 2017 watawaeleza kuwa mali hiyo ilikwisha kugawanywa.

La pili ni ile hali ya mtiaji sahihi kutoweza kuikana. Mfasiri mwepesi ataandika kutokana, akikanusha kukana kwa kiambishi chake halali. Na msomaji atasoma kutokana na, asijue sentensi imeelekea wapi. Mitego ya namna hii hutengenezwa na lugha yenyewe, wala kamusi haiioni. Tuandike kizuio cha kukana, hata kama ni maneno matatu. Katika hukumu, maneno matatu yaliyo wazi si gharama.

Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kuwa kompyuta ya kwantamu, ikipatikana yenye ukubwa wa kutosha, itazivunja RSA na hesabu ya Diffie na Hellman. Kwa hiyo Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitangaza sanifu tatu mpya, mbili za sahihi na moja ya kupatana ufunguo wa siri. Katika hii ya mwisho ujumbe wenyewe hausimbwi. Kinachofanyika ni kuufunika ufunguo ili usafiri salama na kufunuliwa na mwenye pacha wa pili. Kwa kitendo hicho tumefikiria kufungasha, neno la wafanyabiashara wa korosho na kahawa, pamoja na mtenduo wake kufungashua. Tunayaleta kwa wasomaji wetu, hasa walioko mahakamani na katika mabenki, wayatumie na watuandikie.